Utamaduni Haumo Damuni

Je, mtoto wa Mwisukha huzaliwa akijua kucheza isukuti? La hasha! Damu itampa kimo na pua ya babake, lakini mila hufunzwa.

Hapa Kakamega, Waisukha na Waidakho huicheza isukuti mtoto anapozaliwa, harusini na hata matangani. Ngoma zake ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo, zikifuatana na pembe na njuga. Mtu mmoja hawezi kuzipiga zote. Hata jamii iko hivyo: kila mtu ana nafasi yake, naye huijua kwa kuwatazama wakubwa.

Mwaka wa 2014, UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka. Watunzi wengi walikuwa wamezeeka, na warithi hawakuwepo.

Tumezoea kuwalaumu vijana kwamba wamezama katika muziki wa kisasa. Lakini wewe mzazi, kukiwa na sherehe kijijini, humwachi mwanao nyumbani na televisheni? Atajifunza kwa nani? Samaki mkunje angali mbichi. Harusi ijayo, mshike mkono mwende pamoja.