Deni ni langu, jina ni la mama

Nimepotea kidogo, testi zilinibana, ila mzima kabisa. Leo sina stori za hosteli wala za bumu. Kuna jambo linaniuma, na naona wengi wetu tunaosoma kompyuta tunalifanya bila hata kufikiri.

Mnajua huwa napiga vibarua vya kutengeneza tovuti. Nyumbani ni Chamazi, na kule wikiendi ukishuka kwenye daladala la kutoka Mbagala Rangi Tatu hukosi kukuta biashara mpya: saluni, chekechea, fundi makochi. Wateja wapo. Mmoja wao ni mama wa mapambo ya harusi, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Tulikubaliana shilingi 400,000, nusu ya kuanzia, nusu kazi ikiisha. Kwa mdomo tu. Mama wa mtaani bwana, utamwandikisha mkataba vipi?

Jina la tovuti, yaani ile domeini ya .co.tz, nililisajili mimi. Nikajaza jina langu, simu yangu, baruapepe yangu. Sikuwa na nia mbaya, niliona ni rahisi tu.

Kazi ikaisha, nusu ya pili haikuja. Nikipiga simu naambiwa, "Mwanangu nivumilie, Ramadhani hii hakuna harusi." Wiki ya sita mshikaji wangu mmoja akanishauri: "Zima hiyo kitu uone kama hatalipa." Usiku wa Alhamisi nikaizima. Kusema kweli nilijiona mjanja.

Jumatatu mama akapiga. Hakufoka. Alisema kuna familia ilishakubaliana naye harusi ya Mfungo Mosi. Wakaenda kuangalia picha za mapambo kwa ile anuani iliyoandikwa kwenye kadi zake na ubavuni mwa kirikuu yake, wakakuta imefungwa. Wakaona huyu tapeli, wakachukua mtu mwingine. Baada ya robo saa ikaingia M-Pesa, 200,000 kamili. Halafu meseji: "Hela yako hiyo mwanangu. Sasa nipe na jina langu."

Hapo ndipo nilipochomwa. Lile jina alikuwa nalo miaka mingi kabla mimi sijajua HTML ni nini. Mimi nililijaza tu kwenye fomu.

Kwa wasiojua, domeini hainunuliwi ikawa yako milele, inalipiwa kwa mwaka au miaka. Majina ya .tz yaliwahi kusimamiwa na tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006, na leo yako chini ya TCRA. Sisi huyapata kupitia wasajili. Anayetambulika ni yule aliyeandikishwa, hata kama mwingine ndiye aliyepaka rangi kirikuu. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kutembea na jina la biashara ya watu mfukoni. Na si lazima awe na hasira. Amemaliza chuo, kabadili laini, baruapepe ya chuo imefungwa: taarifa ya kulipia mwaka mpya itamfikia nani? Muda ukiisha, jina linaweza kuchukuliwa na mwingine kabisa.

Najua mtaniuliza, "Ukimpa kila kitu, hela yako utaipataje?" Swali la haki, hata mimi nimeshadhulumiwa mara mbili. Ila dawa yake iko mwanzoni mwa kazi. Tovuti mwonyeshe kwenye anuani yako ya majaribio, na uihamishie kwenye jina lake siku anapomaliza kulipa. Andikeni karatasi moja, hata ya daftari, nani analipa nini na lini. Mama angesaini bila shida, mwenye aibu nilikuwa mimi. Jina msajilie kwa jina lake na simu yake tangu siku ya kwanza, paswedi mwandikie aiweke pamoja na leseni yake ya biashara. Ukishikilia tovuti ambayo hujalipwa, unashikilia jasho lako. Ukishikilia jina, unashikilia jasho lake, na hilo hakuna deni linaloweza kulihalalisha.

Jumanne nilianza kumhamishia kila kitu. Kazi nyingine hajanipa mpaka leo. Nikimwamkia ananiitikia, "Marahaba mwanangu," basi, anaendelea na safari yake. Zamani angeniuliza na habari za masomo.

Wenye vibarua kama vyangu, leo hii fungueni akaunti zenu mhesabu: majina mangapi ya watu mnayo mkononi? Mimi nilikuwa nayo manne. Yamebaki mawili, na wenyewe nawatafuta wikiendi hii.

Nawasilisha. Kesho asubuhi nina testi ya hifadhidata na sijagusa daftari.