Asilimia Mia Isiyo ya Kweli

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya desturi iliyoingia katika maabara yetu, nayo ni desturi ya kutunga namba. Siwanyoshei wenzangu kidole, maana mimi mwenyewe nimeifanya.

Muhula huu sisi wa Kidato cha Tatu tulipewa kazi ya kuchoma bikaboneti ya sodiamu, yaani ile soda itiwayo katika keki. Ikipata moto huvunjika ikawa vitu vitatu: mvuke wa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, ambavyo hupaa, na unga mweupe wa kaboneti ya sodiamu, ambao hubaki chomboni. Hesabu yasema gramu 168 za soda hutoa gramu 106 za unga huo. Sisi tulipima gramu 8.4, basi tulitazamia gramu 5.3. Asilimia ya mavuno hupatikana kwa kugawanya kilichopatikana kwa kilichotazamiwa, kisha kuzidisha kwa 100.

Tulipopima tuliona 5.8. Hiyo ni asilimia 109! Tukatazamana. Kengele ilikuwa karibu kulia, nami ndiye niliyeshika kalamu. Nikaandika 5.3, tukapewa alama zote. Vikundi vitano kati ya vinane viliandika mia kamili kama sisi. Meza ya pili waliandika 5.0, yaani asilimia 94, wakaeleza kwamba unga uliruka chomboni walipozidisha moto kwa ghafula. Wao wakapata alama pungufu.

Sikuona raha. Kesho yake nilimwendea mwalimu nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, aliniambia nirudie. Nilichoma gramu 8.4 nyingine, nikaacha chombo kipoe, nikapima: 5.8 tena. Nikachoma mara ya pili: 5.4. Mara ya tatu: 5.4 ile ile. Ndipo nilipoelewa kwamba mizani haikukosea siku ile. Ilikuwa ikituambia kuwa soda nyingine haijavunjika bado, nasi tukainyamazisha. Wala 5.4 si aibu: mizani yetu haisomi chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu, na sehemu hiyo katika 5.3 ni karibu asilimia 2.

Wako watakaosema kwamba mtihani hutaka jibu lililo sawa. Ni kweli, lakini kesho mmoja wetu atapima dawa hospitalini, na mwingine atapima mbolea ya mkulima. Aliyezoea kutunga namba darasani ataachia wapi desturi hiyo?

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwenu wanafunzi wenzangu: andikeni namba mliyoisoma, kisha tafuteni sababu yake. Asilimia ikipita mia, chomeni tena mpaka uzito usibadilike. Ikipungua, angalieni kilichomwagika. Kwenu walimu wetu: tunaomba alama zitolewe kwa upimaji wa uangalifu na kwa maelezo, si kwa ukaribu wa mia peke yake, maana mwanafunzi akijua kwamba mia ndiyo inayolipwa, ataileta hata kama hakuipata. Kwenu wazazi: tunaporudi nyumbani msituulize tu, "Umepata ngapi?" Tuulizeni pia, "Umeipataje?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya usiku mmoja tu. Alama zangu zilipunguzwa, nami sikunung'unika, kwa kuwa sasa naweza kumweleza yeyote ile 5.8 ilitoka wapi. Ile 5.3 siwezi kuieleza, maana haikutoka popote ila katika kalamu yangu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu