Kamba ya Pangoni na Makali ya Jiwe

Lau wenye shauku ya kushuka mapangoni wangaliulizwa wanachokihofia katika kamba zao, aghalabu wangalijibu kwamba ni uzito wa mwili. Na hofu hiyo, kwa maoni yangu, imewekwa mahali pasipo pake, maana kamba nzima ya nailoni yenye unene wa milimita 10 huhimili zaidi ya tani 2. Panapostahili kuhofiwa ni pale inapogusana na kitu kingine: ukingo wa jiwe, fundo, au chuma kilichoibana.

Mwezi wa Agosti 1952, Mfaransa Marcel Loubens alikuwa akivutwa kwa waya wa chuma kutoka katika shimo la zaidi ya mita 300, kwenye pango la Pierre Saint-Martin katika milima ya Pyrenees. Waya haukukatika, kilichoachia ni kibano kilichomuunganisha nao, naye akaanguka, akafariki humo humo pangoni.

Mawe ya chokaa na matumbawe ya pwani yetu yana makali, na mtu anaposhuka, kamba huvutika na kurudi kwa kila mtikiso, ikasagwa ukingoni ilhali mwenyewe yuko chini gizani asione lolote. Dawa yake ni kuifunga upya mwambani chini ya ukingo ule, ili ining'inie hewani pasipo kugusa. Na isipowezekana, basi iwekewe gunia. Nimemwona baharia mzee pale Tanga akiizungushia vitambara amari ya jahazi mahali iliposugua ubavu wa chombo, taratibu, kama afungaye jeraha la mtoto.

Fundo nalo huipunguzia kamba takriban theluthi moja ya nguvu zake, na kwa hiyo fundo lenye umbo la nane, lililolazwa vizuri pasipo nyuzi kupandana, ni bora kuliko mafundo ya kubuni. Ncha ya chini ifungwe fundo kabla kamba haijateremshwa, kwani wako walioshuka hadi kamba ikawaishia mikononi. Kisha, kila baada ya safari, ipitishwe yote kiganjani, shubiri kwa shubiri; palipolegea kama utumbo au palipovimba, kiini kimeumia hata kama ganda linang'aa. Kamba ya katani, ambayo Tanga inaijua kuliko miji mingi, hunywa maji na kuoza kwa ndani. Basi na ifunge mizigo, isifunge watu.

Na anayeanza asianzie pangoni. Aifunge kamba juu ya mwembe, mita 3 kutoka ardhini, mwalimu akiwa karibu, ajifunze kugeuza safari ya kushuka iwe ya kupanda akiwa ananing'inia, arudie hata mikono iweze kuifanya kazi hiyo macho yakiwa yamefumbwa, maana taa ya kichwani huzimika.