Jaji aliyeamua nani aumie Detroit ilipofilisika

Ukitajiwa Detroit, labda unamkumbuka Eminem, au magari. Lakini kama mshahara wako hukatwa pensheni kila mwezi, kuna jina lingine la huko unalofaa kulijua: Steven Rhodes.

Julai 2013, mji huo wa Marekani ulikimbilia mahakama ya kufilisika ukiwa na madeni ya karibu dola bilioni 18. Hakuna mji wa nchi hiyo uliokuwa umewahi kufilisika na deni kubwa hivyo. Kesi ilimwangukia Rhodes, jaji wa mahakama hiyo tangu 1985. Akitoka kazini, mzee huyu alipiga gitaa kwenye bendi ya mawakili na majaji wa kesi za kufilisika. Ndiyo, bendi ya aina hiyo ilikuwepo.

Desemba 2013 akatoa uamuzi uliowatikisa wengi. Katiba ya jimbo la Michigan inalinda pensheni za watumishi wa umma. Rhodes akasema mji ukishafika kwake, sheria ya taifa ndiyo hutawala, na pensheni ni mkataba kama mikataba mingine. Inaweza kupunguzwa. Hebu fikiria umeendesha basi la mji miaka 30, halafu unaambiwa ahadi iliyo kwenye katiba haitoshi.

Ati alikuwa mtu wa mabenki? Hapana. Mwezi uliofuata alikataa mpango wa mji kuzilipa UBS na Bank of America dola milioni 165 ili ujitoe kwenye mikataba mibovu ya riba. Ni pesa nyingi mno, alisema. Wakarudi mezani, na mwishowe benki zikakubali milioni 85. Jaji kama huyu hana hela za kugawa, lakini bila idhini yake dili haipiti.

Wadai wengine walitaka michoro ya jumba la sanaa la mji iuzwe, ikiwemo kazi ya Van Gogh. Wafadhili, serikali ya jimbo na jumba lenyewe wakaahidi zaidi ya dola milioni 800, zilizoelekezwa kwenye pensheni. Michoro ikabaki. Wastaafu wa kawaida wakakatwa asilimia 4.5 na kupoteza nyongeza ya kila mwaka. Polisi na wazima moto hawakukatwa pensheni ya msingi. Kwa wazee waliohofia makubwa zaidi, afadhali hiyo.

Kwenye maji, mimi naona alikosea. Mwaka 2014 maelfu ya nyumba zilikatiwa maji kwa sababu ya bili. Rhodes alikiri kwamba kukosa maji kunaumiza watu vibaya, lakini akakataa kusimamisha ukataji: sheria, alisema, haimpi mtu haki ya maji ya bei nafuu, na mji ulihitaji mapato hayo. Wastaafu angalau walikuwa na mawakili mezani. Mama asiye na maji ya kupika alikuwa na nani?

Novemba 2014 aliidhinisha mpango wote, na takriban dola bilioni 7 za deni zikafutwa. Alistaafu 2015. Mwaka uliofuata akaitwa tena, safari hii kusimamia shule za umma za Detroit, ambazo nazo zilikuwa zimezama kwenye madeni.