Mwacheni Thabeet, alikuwa kazini

Najua mlitegemea niandike habari ya boom kuchelewa, lakini hiyo kila mtu anaijua kwa tumbo lake mwenyewe. Leo nina ugomvi. Ni ugomvi wa mpira wa kikapu, nimetoka nao likizo kule kwetu Masukulu, na nilipofika hapa bwenini nikaukuta umeshanitangulia.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila ikitajwa NBA lazima atokee mtu aseme, "Aah, Thabeet? Yule si garasa tu!" Watu wanacheka. Kisha anakuja yule mjuaji wa chumba, aliyesoma mambo kwenye simu, anauliza, "Unajua waliochukuliwa nyuma yake ni akina nani? James Harden! Stephen Curry!" Halafu anaegemea ukuta kama wakili aliyemaliza kesi. Nimeisikia kesi hii mara nyingi mno na hakuna hata siku moja utetezi ulipewa nafasi ya kusema. Basi leo nausema mimi.

Tuanze na hiyo orodha mnayoipenda. Tarehe 25 Juni 2009, New York, drafti ya NBA. Wa kwanza Blake Griffin, akaenda Clippers. Wa pili Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1987, mita 2.21 kwenda juu, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Wa tatu Harden, akaenda Oklahoma City. Curry alikuwa wa saba. Sawa, sibishi, ndivyo ilivyokuwa. Swali langu dogo tu: nani alichagua? Thabeet hakujichagua. Walioamua ni watu wazima wa Memphis, wenye ofisi, wenye maskauti, wenye kanda za video za kila mchezo. Mbona wao hamuwacheki? Mbona hamjui hata majina yao?

Tena ngoja niwaongezee. Minnesota walikuwa na nafasi mbili mfululizo, ya 5 na ya 6. Wakamwacha Curry mara mbili, wakachukua walinzi wengine wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Nani hapa bwenini anamcheka Jonny Flynn? Hakuna, kwa sababu hamumjui, na hamumjui kwa sababu si Mtanzania. Alicheza misimu mitatu tu NBA akapotea. Na jambo la kuchekesha zaidi ni kwamba Machi 2012 Houston waliwafunga Flynn na Thabeet kwenye furushi moja, wakawapeleka wote Portland ili wampate mzee Marcus Camby. Mmoja tunamtania hadi leo, mwenzake hatujawahi kumsikia. Hiyo kesi inahukumiwa kwa kabila la mshitakiwa, si kwa kosa.

Pia kuna hii dhana kwamba Memphis waliona urefu tu wakachanganyikiwa. Si kweli. Thabeet alicheza misimu mitatu chuo kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Katika ligi yao ya Big East alikuwa mchezaji bora wa kuzuia mwaka 2008 na tena 2009. Mwaka huo huo wa 2009 akawa mchezaji bora wa ligi nzima, tuzo aliyogawana na DeJuan Blair, na timu yake ikaingia nne bora za vyuo vya Marekani. Kuna mchezo mmoja dhidi ya Providence alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11, akazuia mitupo 10. Kumi! Sisi hapa chuo tukipata mtu wa kuzuia mitupo miwili anatembea kantini kifua mbele wiki nzima.

Sasa twende NBA, na hapa sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Michezo 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Kwa mtu aliyechukuliwa wa pili, hiyo ni ndogo, hata mama yake hawezi kusema vingine. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakamshusha Dakota Wizards, ligi ndogo ya kukuzia wachezaji, na hakuna mtu wa namba ya juu kama yake aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Ilikuwa aibu, na ilitangazwa dunia nzima.

Lakini mtu anayehukumu asome faili lote. Msimu huo wa kwanza alicheza michezo 68, na kila mchezo alipewa kama dakika 13. Ndani ya hizo dakika 13 alikuwa anazuia wastani wa mitupo 1.3. Haya, nyie wa hesabu, pigeni wenyewe mpate angekuwa na ngapi kwa dakika 36. Na pale katikati, kwenye nafasi yake, alikuwepo nani? Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alikuja kuwa mchezaji bora wa kuzuia wa NBA yote. Dogo wa miaka 22, aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na kama miaka 15, anakaa benchi nyuma ya Gasol, halafu anaambiwa aonyeshe uwezo. Mtu anajifunza udereva kwenye gari lililopaki!

Najua atakayenijibu kwanza. Atasema, "Mbona Hakeem Olajuwon naye alianza akiwa mkubwa, tena Nigeria, akawa bingwa?" Hoja nzuri, na inanifaa mimi kuliko yeye. Olajuwon kabla ya kikapu alikuwa golikipa wa mpira wa miguu na mchezaji wa mpira wa mikono. Alikuwa ameshacheza miaka na miaka, miguu imeshazoea kugeuka. Joel Embiid wa Cameroon alikuwa mtu wa mpira wa wavu. Kwa hiyo kuchelewa kikapu si lazima kukuue, ila lazima uwe umelelewa ndani ya michezo. Hapo ndipo nataka tufike, na tutafika, tulieni.

Kwanza hesabuni safari. Memphis. Dakota. Februari 2011 Houston, ambako alicheza michezo ya kuhesabu kwa vidole. Ligi ndogo tena, Rio Grande Valley Vipers. Portland 2012. Oklahoma City 2012 hadi 2014, akiwa timu moja na Kevin Durant na Russell Westbrook. Hapo alicheza michezo 66 msimu wa kwanza, na hili watani huwa wanaliruka. Mwaka 2014 Philadelphia wakampokea wakamwacha, Detroit wakamchukua wakamwacha, akaenda Grand Rapids kwenye ligi ndogo. Mlango wa NBA ukafungwa. Mwaka 2017 huyo Japan, Yokohama. Mwaka 2019 karudi Marekani, ligi ndogo tena, Fort Wayne, ana miaka 32 anagombania nafasi na watoto. Kisha Taiwan, timu ya Hsinchu. Na baadaye akarudi Dar es Salaam kuchezea klabu za nyumbani.

Nyie mnaona orodha ya kufukuzwa. Mimi, mtoto wa Rungwe, naona kitu ninachokijua.

Kwetu Unyakyusa mababu walikuwa wanaondoka. Walienda dhahabu ya Lupa kule Chunya. Wakaenda migodi ya shaba ya Copperbelt. Wengine wakaenda Afrika Kusini kwa Wenela, ile kampuni iliyokusanya wafanyakazi wa migodini. Mgodi huu ukipunguza watu unahamia ule. Mkataba ukiisha unatafuta mwingine. Sijawahi kumsikia mtu Masukulu akisema babu fulani alishindwa maisha kwa sababu hakuwa meneja wa mgodi. Wanauliza maswali mawili tu: alikuwa anatuma chochote nyumbani? Alirudi? Basi. Mtu wa kazi anapimwa kama mtu wa kazi.

Thabeet alikuwa na kazi moja anayoijua, kulinda ringi, na aliifuata kila ilipoitwa, hata ilipoitwa Taiwan. Zaidi ya miaka kumi baada ya ile siku ya New York bado kulikuwa na watu wanaomlipa acheze. Niambieni wangapi kati yetu, sisi wa digrii, tutalipwa kwa kile tulichosomea miaka kumi baada ya kuvaa joho. Nina kaka zangu waliomaliza hapa hapa chuo wanaendesha bodaboda, na hakuna anayewaita garasa, tunasema ajira ngumu. Kumbe ajira ni ngumu kwenu tu, ila kwa mtu mrefu ni uzembe!

Sasa kwa nini naumia hivi wakati Thabeet hanijui? Kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Ana miaka 16 na akiingia jikoni kwa bibi anainama. Mwanzoni alikuwa anapenda kucheza, mpira wowote, hata wa makaratasi. Shuleni wakaanza kumwita Thabeet. Mnadhani ni sifa? Si sifa. Anaitwa Thabeet akikosa goli. Anaitwa Thabeet akijikwaa. Mwalimu mmoja naye akalichukua, darasani akikosea swali anaambiwa, "Kaa chini Thabeet, urefu wa bure." Likizo hii nimemkuta amejifunza kutembea kapinda mgongo. Nikimwambia twende uwanjani anasema ana kazi ya kumenya ndizi. Ndizi zenyewe zilishamenywa!

Huyo mtoto hajawahi kuona hata mchezo mmoja wa Thabeet. Hajui Connecticut ni nini. Kilichomfikia ni kicheko tu. Kimetoka kwenye vijiwe vya mijini na mabweni kama haya yetu, kimepanda milima yote ya Uporoto, kimefika Masukulu salama salimini. Ringi haijafika, lakini kicheko cha ringi kimefika.

Na ringi kweli haijafika. Waliowahi kufika Tukuyu wanajua mvua yake, inanyesha mpaka unasahau jua lina rangi gani. Udongo mzuri sana kwa migomba, chai na parachichi. Ila kikapu si kama mpira wa miguu. Mpira wa miguu unaupiga kwenye matope na mchezo unaendelea, tena raha zaidi. Kikapu bila sakafu ngumu hakipo kabisa, kwa sababu mpira usiporuka huwezi kutembea nao, na usipotembea nao unacheza kitu kingine. Yaani kabla ya kocha, kabla ya viatu, kabla hata ya mpira, unahitaji zege. Dar wana Don Bosco Upanga, wana Kidongo Chekundu iliyofunguliwa mwaka 2015. Vizuri, hongera zao. Mtoto wa Masukulu mwenye urefu wa kuigusa ringi hana ringi ya kugusa. Akifika miaka 15 au 17 bahati ikamwokota, atatupwa katikati ya watu walioanza wakiwa na miaka 6, na akishindwa sisi wa mabwenini tutacheka tena.

Nina neno pia kwa kundi la pili, maana wao nao wananiudhi. Hawa hawamcheki Thabeet, wanamsifia. Kila sherehe ya michezo lazima mgeni rasmi aseme tulimtoa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Tulimtoa? Tulimtoa wapi? Aliyemfundisha kuzuia mitupo mpaka akapata tuzo ni Connecticut. Sisi tulichangia urefu, na hata huo si sisi, ni baba yake na mama yake. Mtu wa kwanza tumempata mwaka 2009. Kama kweli tulimtoa sisi, tuonyesheni basi wa pili.

Kwa hiyo sikubaliani na wacheka wala wasifiaji. Wote wawili wanakwepa swali moja, na swali lenyewe linahusu simenti.

Tukiwa likizo, wanachuo wachache wa Rungwe tuliongea na fundi mmoja pale nyumbani. Hatutaki uwanja mzima. Tunataka kipande cha zege upande mmoja tu, nguzo moja, ubao, na ringi ya kuchomelea ya nondo, iwe mita 3.05 kutoka chini kama sheria inavyotaka, isiwe ya kubahatisha. Wazee wamekubali kutoa eneo, mawe na mchanga vipo, nguvu kazi ipo. Kinachokosekana ni simenti na hela ya mchomeleaji. Nimeshaongea na mdogo wangu. Hakusema ndiyo, ila ameuliza kama mvua ikinyesha zege linateleza. Nikamwambia linakauka haraka.

Mwenye hoja kwamba Thabeet ni garasa bado anakaribishwa chumbani kwangu, jioni baada ya saa moja, tubishane mpaka taa zizimwe. Ila aje na mfuko mmoja wa simenti mkononi, au bei yake. Wa kwetu watakaokuja nao bila hata ya kubishana, ndaga fijo.