Thika ya Kitabuni, Hola ya Gazetini

Dada yangu ameolewa Thika, katika Majengo. (Mji wa bara haukosi Majengo, na Majengo hayakosi msikiti, wala msikiti haukosi mtu wa pwani.) Nilipokwenda kumzuru hivi karibuni, mwanawe wa kiume, kijana wa sekondari, aliniamkia shikamoo, akanitandikia mkeka, kisha akanitolea swali ambalo bila shaka alikuwa nalo moyoni kwa siku nyingi.

"Mjomba, shuleni wananiambia nyinyi watu wa pwani ndio mliouza Waafrika. Ni kweli?"

Alisema "nyinyi". Baba yake ni Mkikuyu, tena Mkikuyu aliyezaliwa katika Uislamu. Mama yake ni wa Mombasa, mtoto wa baba yangu. Kijana mwenyewe hajui ajiweke upande gani, basi akaona ni afadhali aanze kwa kunitenga mimi.

Jibu nilimpa, na nitalieleza. Lakini swali lenyewe lina asili yake, na asili hiyo imenishughulisha kuliko jibu.

Huko Ulaya na Marekani, mtu aliyepata kulisikia jina la Thika aghalabu amelisikia kwa sababu ya kitabu kimoja, "The Flame Trees of Thika" cha Elspeth Huxley, kilichotoka mwaka 1959. Bibi huyo alizaliwa mwaka 1907, akaletwa Kenya angali mtoto, na kitabu chake kinasimulia jinsi wazazi wake walivyofika Thika kwa gari la ng'ombe ili kuanzisha shamba la kahawa. Mwaka 1981 televisheni ya Thames ya London ikakifanya mchezo wa sehemu 7, na Hayley Mills akacheza mama wa mtoto huyo. Dunia ikauona mto Chania, maua mekundu, na wazungu wenye kanzu nyeupe wakinywa chai katikati ya nyika.

Haki yake mwandishi apewe. Kalamu anayo, na mwaka 1939 alikuwa amekwisha kuandika hadithi nzima juu ya ukoo mmoja wa Kikuyu, jambo ambalo masetla wenziwe wengi hata wasingelifikiria. Lakini katika Thika ya kitabu kile Mwafrika yupo kama mpishi, nyapara au kibarua. Anachekesha, anaogopa uchawi, anakwenda zake. Ardhi imekaa tu, kana kwamba ilikuwa ikimngojea mgeni. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902, na ile ya mwaka 1915 iliyompa setla shamba kwa miaka 999, haziwezi kupendeza katika masimulizi ya mtoto. Wala hutaambiwa kwamba katika wilaya za Wakikuyu mwenyeji alizuiwa kupanda kahawa yake mwenyewe mpaka miaka ya 1950. Aliipalilia, akaichuma, akaibeba mgongoni. Kuimiliki hapana.

Sasa tazama ule mwaka wa 1959. Kitabu kile kilipokuwa kikichapishwa London, huku kwetu, kando ya mto Tana, kulikuwa na kambi ya Hola. Tarehe 3 Machi mwaka huo wafungwa wa Mau Mau walitolewa kwenda kulimishwa kwa nguvu. Walipokataa, walipigwa kwa marungu, na watu 11 wakafa. Tangazo la serikali kwa magazeti likasema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Maji! Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua kwamba walikufa kwa kipigo, na mwezi wa Julai mambo hayo yakasemwa waziwazi katika bunge la Uingereza.

Basi mwaka mmoja ulitoa hadithi mbili juu ya watu wale wale. Ya Thika ilikuwa tamu, ikasomwa na kupendwa mpaka leo. Ya Hola ilianza kwa uongo, ikasahihishwa kwa shida, kisha ikafungiwa makabatini. Ilikuwa mwaka 2011 ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni yake mahali paitwapo Hanslope Park, na Juni 2013 ndipo ilipoeleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Baba mzazi wa shemeji yangu hakuwahi kulipwa kitu. Alikuwa amekwisha kufariki. Miaka ya Hali ya Hatari alifungwa kisiwani Manda, mkabala na Lamu. Mzee huyo alikuwa hagusi gazeti. Ukimsomea habari yoyote, hata ya mvua, atauliza kwanza, "Nani kaandika?" Nani wa kumlaumu? Katika vita vile raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32, na kila mmoja aliandikwa kwa jina na picha. Waafrika, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikufa zaidi ya 11,000, na hao waliandikwa kwa tarakimu.

La kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba gazeti lililokuja kuwa sauti ya masetla lilizaliwa Mombasa, mikononi mwa Mwislamu. Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora mzaliwa wa Karachi, ndiye aliyelianzisha mwaka 1902 kwa jina la African Standard. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu, baadaye likapanda garimoshi kwenda Nairobi, na huyo Jeevanjee akaishi kuona wenye lugha kama ya gazeti lake la zamani wakimpinga Mhindi asipewe haki sawa. Aliyeuza kinywa chake haulizwi tena anataka kusema nini.

Wako waliolitambua jambo hilo mapema. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, ili watu wa Mombasa wasome mambo yao kwa ulimi wao, pamoja na makosa yao wenyewe, maana sheikh hakuwa mtu wa kubembeleza. Huko bara Henry Muoria alianzisha Mumenyereri mwaka 1945, likawa likisomwa kwa sauti vijijini mpaka lilipozimwa mwaka 1952. Sijui ni wangapi kati yetu wa pwani waliofundishwa jina la Muoria, wala ni wangapi wa Thika na Ruiru wanaolijua jina la Sheikh al-Amin. Nadhani wote wangeweza kutosha ndani ya matatu moja.

Hapo ndipo penye donda. Mkoloni alituandika sote, na kila mmoja akampa kitabu cha kumsoma mwenziwe. Mtu wa bara aliambiwa kwamba Mswahili ni Mwarabu, mgeni, mvivu, muuza watu. Mtu wa pwani aliambiwa kwamba wa bara ni mshenzi asiye na dini wala ustaarabu, na neno hilo "mshenzi" wengi wetu tulilipokea kwa mikono miwili. Daftari za kodi zikatia muhuri: Mwarabu akasamehewa, watu wa Thenashara Taifa wakahesabiwa wenyeji wa kutozwa, na mtu na binamu yake wakajikuta ni kabila mbili. Badala ya kuikataa daftari, wazee wetu wakaandika barua kuomba wahamishwe ukurasa.

Kwa hiyo nilimjibu kijana hivi. Ndiyo, mwanangu, biashara ya watumwa ilikuwapo pwani, na Waislamu walikuwa ndani yake, wenye majahazi, wenye mashamba, na wenye kutoa fedha. Waliokamatwa walikuwa watu, na wajukuu wao ni majirani zetu, wengine ni sisi wenyewe. Asikudanganye mtu wa kwetu akakwambia ni uzushi wa Wazungu. Lakini uliza pia huyo aliyekuandikia kitabu alikuwa anatafuta nini. Mwingereza alikuja na bendera ya kukomesha utumwa mwaka 1895, na hapa pwani sheria ya kuufuta akaitoa mwaka 1907. Miaka hiyo hiyo alikuwa akikata ardhi ya babu yako huku Thika, na baadaye akamvisha kipande shingoni. Kosa la mmoja likafanywa pazia la kosa la mwingine.

Alisikiliza, kisha akanionyesha simu yake. Humo mlikuwa na maneno juu ya "watu wa pwani" ambayo setla wa mwaka 1920 angeyatia sahihi, yameletwa na vijana wa Ruiru. Mzee aliyekataa gazeti amerithiwa na wajukuu wanaokataa magazeti yote na kuamini kila kinachowafikia mkononi. Mzee walau alikuwa akiuliza nani kaandika.

Nilimtajia kazi ya mwana wa sheikh, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Mwaka 1986, miaka 5 tu baada ya mchezo ule wa Thika, aliieleza Afrika kwa televisheni katika "The Africans: A Triple Heritage". Mchezo wa chai na maua haukumghadhabisha mtu huko Marekani. Cha Mazrui, Bi Lynne Cheney, mkuu wa shirika la serikali lililochangia fedha, aliamuru jina la shirika lake liondolewe, kwa hoja kwamba kinaishambulia Magharibi. Profesa alifariki mwaka 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa kwa wazee wake.

Kijana akaniuliza kama Al-Islah bado inapatikana. Nimerudi nimewauliza wazee wawili wa Mji wa Kale. Mmoja anazo nakala chache, karatasi zimekuwa kama majani makavu, na hataki zitoke nyumbani kwake. Basi itabidi kijana ashuke pwani mwenyewe wakati wa likizo. Nauli nimekwisha kuituma.