Tunahesabu majosho, hatuhesabu kupe



Mabadiliko ya tabianchi yakitajwa hapa nchini, picha inayokuja kichwani ni ile ile: ardhi iliyopasuka, mzoga wa ng'ombe kando ya lambo lililokauka, na theluji ya Kilimanjaro inayopungua. Mhariri akikuagiza habari ya tabianchi, ujue anataka picha ya namna hiyo. Leo nataka kuzungumzia kitu ambacho hakipendezi kwenye picha. Kabla hakijanyonya damu kina ukubwa wa punje ya ufuta, na mahali pake pa kujificha ni ndani ya sikio la ng'ombe.

Namzungumzia kupe. Hasa yule wa kahawia apendaye masikio, ambaye wataalamu wanamwita Rhipicephalus appendiculatus. Huyu ndiye anayeeneza ndigana kali, ugonjwa ambao Wamaasai wanauita oltikana na ambao Wazungu waliupa jina la pwani yetu: homa ya Pwani ya Mashariki. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba unaua zaidi ya ng'ombe milioni moja kila mwaka katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Kimelea chake huingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzifanya zizaliane ovyo, karibu kama saratani. Matezi ya chini ya sikio yanavimba, homa inapanda, ng'ombe anaacha kula, mapafu yanajaa maji, na mwishoni unaona povu puani. Dawa ipo, buparvakwoni, lakini ni ghali na inasaidia ikiwahi. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa akichelewa siku mbili tatu, ada ya shule ya mtoto imeondoka.

Sasa, tabianchi inaingiaje hapo?

Watu wengi wanadhani jibu ni rahisi: joto likiongezeka, kupe wanaongezeka. Sivyo, na hapa ndipo nadhani sisi waandishi na hata viongozi wetu tunapotosha. Kupe huyu hakai kwa ng'ombe muda mrefu. Anapanda mara tatu katika maisha yake, kila mara kwa siku chache, anakunywa, anaanguka. Maisha yake mengine yote yako chini, kwenye nyasi na udongo. Kwa hiyo hali ya hewa ndiyo nyumba yake hasa. Pakiwa na baridi kali, mayai yanachelewa mno kuanguliwa na kizazi hakikamiliki. Pakiwa na joto na unyevu, vizazi vinafuatana haraka. Pakiwa na joto na ukavu, mayai na watoto wa kupe wanakauka na kufa.

Kwa hiyo joto linampa kupe nafasi upande mmoja na kumnyang'anya upande mwingine. Linamfungulia milima na kumfungia nyika. Unaweza kusema basi, ngoma droo. Lakini kwa ndigana kali pande zote mbili ni hatari, na sababu yake ni kinga.

Mahali ambapo kupe wapo mwaka mzima, ndama wa kienyeji anaambukizwa mapema. Wengine wanakufa, na hilo ni hasara kubwa, lakini waliopona wanabaki na kinga. Mfugaji wa asili analijua hili bila kwenda chuo. Sasa mpeleke kupe yule yule mahali ambapo hajawahi kuwepo, kwenye zizi la ng'ombe wakubwa wa kisasa ambao hawajawahi kuonja kimelea hicho. Hapo hafi ndama tu. Anakufa mama anayekamuliwa.

Na kule nyikani? Ukame ukikaa miaka mitatu kupe wanapungua, mfugaji anashukuru, ndama wanakua bila kuambukizwa. Halafu zinakuja mvua kama zile za El Niño za mwishoni mwa 2023, nyasi zinarefuka, kupe wanarudi, na wanakuta kundi zima la ng'ombe wasio na kinga. Ukame umewakondesha, mvua inakuja kuwamalizia. Mtu wa mjini akisikia mvua imenyesha Simanjiro anasema afadhali. Mwenye ng'ombe anaangalia masikio.

Hii ndiyo hofu yangu. Si kwamba Tanzania nzima itajaa kupe, bali kwamba ile desturi ya mahali, ya huku wapo na huku hawapo, ya mwezi huu ogesha na mwezi ule pumzika, inavurugika. Mfugaji anaishi kwa desturi hiyo.

Vitabu vinasema kupe huyu anapatikana kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 2,300. Hebu fikiria ramani ya nyanda zetu za juu kusini. Njombe mjini ni karibu mita 2,000. Kitulo, penye shamba la serikali la mifugo, ni juu ya mita 2,500. Katikati ya namba hizo mbili kuna maelfu ya kaya zenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, waliotolewa kwa mkopo au na mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Baridi imekuwa askari wao wa bure. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulizidi nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda. Askari huyo anasinzia.

Je, kupe wameshapanda? Wenzetu wa Jamhuri ya Czech wanaweza kujibu swali kama hilo. Katika milima ya Krkonoše, watafiti wao walipima katika miaka ya 1950 na kukuta kupe wa huko, wa aina nyingine anayeleta homa ya ubongo na ugonjwa wa Lyme, anaishia kama mita 700. Baadaye, joto lilipopanda, wakamkuta akiishi juu ya mita 1,100. Waliweza kusema hivyo kwa sababu mtu alihesabu mwanzo, na mwingine akarudi kuhesabu tena pale pale.

Na sisi tulihesabu, msidhani hatukuhesabu! Mwaka 1967 Yeoman na Walker walichapisha kitabu kizima juu ya kupe wa Tanzania, kikiwa na ramani, wilaya kwa wilaya. Miaka mingi baadaye kazi ya namna hiyo ikafanyika tena, na makala iliyochapishwa mwaka 2008 ikaonyesha jambo la kutisha kidogo: kupe wa buluu mwenye asili ya Asia amesambaa sana nchini, na katika maeneo mengi amemsukuma nje ndugu yake wa Kiafrika. Huyu mgeni anabeba ugonjwa mkali zaidi wa kukojoa damu na anasifika kwa kuzoea dawa za kuogeshea upesi. Bila kuhesabu tusingejua. Lakini kazi hizi zinakuja kama kupatwa kwa jua, mara moja katika miongo, mtafiti akipata fedha. Joto linapanda kila mwaka.

Ukienda kwenye sherehe za mifugo utaona tunachohesabu. Nimehudhuria uzinduzi wa josho zaidi ya mara moja. Kuna turubai, viti vya plastiki, ngoma, mgeni rasmi anashika fimbo na kuswaga ng'ombe wa kwanza, maji yanaruka, kamera zinabofya. Kisha inasomwa risala: majosho kadhaa yamejengwa, kadhaa yamekarabatiwa, lita kadhaa za dawa zimetolewa. Sijawahi kusikia risala inayosema kabla ya josho hili ng'ombe wa kijiji walikuwa na kupe wangapi sikioni, na sasa wangapi.

Sisemi majosho ni mabaya. Miaka ya 1990 serikali ilipopunguza mkono wake kwenye huduma za mifugo, majosho mengi yaligeuka magofu. Mengine watoto waliyafanya viwanja vya kuchezea. Kampeni ya kitaifa ya kuogesha iliyoanza mwishoni mwa 2018 ilikuwa jambo la heri. Ila josho linafanya kazi vizuri kama unajua lini kupe wanapanda. Ratiba iliyoandikwa kwa kufuata masika ya zamani haina maana sana masika yakichelewa wiki sita. Na kuogesha hovyo, kwa dawa iliyozimuliwa kupita kiasi, ndiko kunakozaa kupe sugu.

Najua kuna msomaji atakayeniambia: wewe kijana, unalaumu hewa wakati ng'ombe wenyewe ndio wanaotembea. Ana haki. Kupe hapandi mlima kwa miguu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, karibu 1902, ndigana kali iliingia kusini mwa Afrika kwa ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani hii yetu. Kupe wa kubeba ugonjwa tayari alikuwepo kule akingoja. Afrika Kusini ilihangaika nayo hadi miaka ya 1950 ndipo ikaitokomeza. Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2003 na 2004 ng'ombe wa Ngazija, kule Komoro, walikufa kwa ndigana kali, na watafiti walioandika juu yake mwaka 2007 waliwashuku ng'ombe walioagizwa kutoka Tanzania, tena waliochanjwa. Nitarudi kwenye hiyo chanjo.

Lakini jiulize, kwa nini ng'ombe wanatembea? Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Usangu, wengi wakaenda na mifugo yao hadi Kilwa na Lindi. Na sababu iliyotolewa ilikuwa nini? Maji. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka. Kwenye ukame wa 2021 na 2022 mifugo ilikufa kwa maelfu Simanjiro, Longido na Kiteto, na mwenye nguvu ya kuhama alihama. Kwa hiyo anayetenganisha joto na mwendo wa ng'ombe anatenganisha moto na moshi. Joto linatayarisha kitanda cha kupe mahali papya, na ukame ule ule unampakia kupe kwenye sikio la ng'ombe na kumfikisha kitandani. Kibali cha kusafirisha mifugo kinachotolewa mnadani kina sehemu ya idadi, rangi na alama. Masikio hayaangaliwi kwa makini, na afisa mifugo mmoja anayehudumia kata nzima bila pikipiki hawezi kulaumiwa peke yake.

Wale wanaofugia ndani nao wasijione wako salama. Ng'ombe hatoki, ni kweli, ila majani yanatoka kando ya barabara, na kupe anaweza kuingia bandani ndani ya mzigo wa majani.

Sasa chanjo. Hii inaniuma, maana ni mali yetu wenyewe. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, enzi za Jumuiya ya zamani. Ni mchanganyiko wa vimelea hai vya aina tatu: Muguga, Kiambu na Serengeti. Unamchoma ng'ombe vimelea hai na hapo hapo unampa sindano ya antibiotiki ya muda mrefu ili asizidiwe. Anaugua kidogo, anapona, anabaki na kinga ya miaka mingi. Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakilipa kwa fedha zao, na mamia ya maelfu ya ndama wamechanjwa. Hakuna aliyewasukuma kwa fimbo.

Tatizo ni kwamba inatunzwa kwenye naitrojeni ya maji, katika mtungi kama ule wa wahamilishaji, na kwa miaka mingi kipimo kimoja kikifunguliwa kilikuwa cha ng'ombe 40 hivi, wachanjwe ndani ya saa chache. Mmaasai mwenye ndama 60 hana shida. Mama wa Njombe mwenye mtamba mmoja afanyeje? Awatafute jirani 39? Na huyo ndiye ambaye joto linamfuata. Tena aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea kimya kimya, na kupe akavichukua, ndiyo maana ya kisa cha Ngazija. Kuchanja mlimani kabla ya kujua kama kupe wapo ni kucheza kamari, na kusubiri hadi ng'ombe waanze kufa ni kamari kubwa zaidi. Kujua kupe wako wapi ndiyo njia ya kutoka katikati ya kamari hizo mbili.

Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo pale Bariadi. Homa ya mapafu ya ng'ombe imo, sotoka ya mbuzi na kondoo imo, kuku wamo. Ndigana kali haimo. Naelewa sababu za kitaalamu, nimezitaja mwenyewe hapo juu. Ila nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haiwezi kuuacha ugonjwa huu kwa kila mtu na mfuko wake.

Ninachoomba hakihitaji maabara ya mabilioni. Chagua vijiji, tuseme vitano kila mlima: Rungwe, Makete, Njombe, Kilimanjaro, Lushoto. Kila kijiji ng'ombe kumi, kila mwezi, sikio la kushoto na la kulia, hesabu, andika, chukua kopo dogo la spiriti uhifadhi wachache wa kuangaliwa aina yake. Vijana wanaomaliza vyuo vya mifugo wapo mitaani hawana kazi. Simu wanazo.

Swali langu kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi ni moja: ramani ya 1967 itarudiwa lini, na fedha zake ziko kwenye kasma gani?